Papai Lilipita Kooni Mwangu

Ndugu wasomaji, naomba radhi mapema kwa mwandiko huu. Shule yangu iliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Mkikuta herufi zimekosewa, someni polepole, mtanielewa. Nimezoea kusema kidogo, na hili ndilo jambo refu la kwanza ninalolisema.

Nina cheti. Kinasema nimehitimu masomo mafupi ya haki ya jinai, na chini yake kuna mhuri na sahihi mbili. Mama alitaka kukitundika ukutani ili wageni wakione. Nilimwambia mchwa watakila, nikakitia ndani ya bahasha na kukiweka chini ya godoro. Mama anadhani nakitunza. Ukweli ni kwamba sitaki kukiona.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kibarua wa chumvi Marereni. Watu wanaonunua chumvi dukani hawajui inavyokula miguu. Unasimama ndani ya maji yaliyokolea mpaka yakawa mazito, unakwangua sakafu ya bwawa kwa reki ya mbao, unakusanya chumvi mafungu mafungu chini ya jua. Ukiingia asubuhi na kidonda cha mwiba, jioni ni shimo. Kila mtu alijitafutia viatu vyake. Mwenye gambuti nzima alikuwa mtu wa bahati. Mimi nilikuwa na viatu vya plastiki vilivyotoboka, na ndani yake nilifunga miguu kwa vitambaa vilivyopakwa mafuta ya nazi.

Mafuta yale sikuyanunua. Nilipewa na mzee mmoja wa kikundi chetu ambaye sote tulimwita mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkubwa kuliko sote na mkewe alikuwa amefariki. Aliishi na binti yake aliyekuwa akiuza chapati na maharagwe kwenye njia ya mabwawani. Mjomba aliona miguu yangu wiki ya kwanza, akanipa chupa yake ya mafuta na kusema, "Paka, usije ukaiva tukakuuza pamoja na ng'onda." Ng'onda ni samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Watu walicheka, na kwa kuwa mimi si mtu wa kujibu, nikacheka pia.

Mnyapara wetu alinunua gambuti mpya. Baada ya kazi alizisuuza na kuzichomeka juu ya vijiti viwili nyuma ya kibanda, soli juu, zikauke. Alhamisi moja nilikuwa wa mwisho kuondoka. Sikuwa nimepanga. Nilizitazama, nikazitia ndani ya gunia nililobebea kuni, nikaenda zangu.

Nilizivaa mara moja tu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Zilinizidi kidogo. Asubuhi nilipofika kazini habari ilikuwa imeenea, na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtoto mdogo angelielewa: nisingeweza kuzivaa mbele ya mwenyewe. Kuzirudisha nilishindwa, kwa sababu kila mara nilipokaribia kibanda palikuwa na mtu. Siku ya nne nilizipeleka kwenye mikoko, nikazisindilia ndani ya tope mpaka zikazama. Kwa hiyo hazikumfaa mwenyewe na hazikunifaa mimi.

Mnyapara hakutaka kwenda polisi. Alisema polisi watamwuliza risiti. Akasema twende kwenye kiraho.

Kwetu sisi Wagiriama, kitu kikipotea na mwizi asijitokeze, wanaoshukiwa hukubali kula kiapo cha kimila, nacho ndicho kiraho. Viko vya namna nyingi. Chetu kilikuwa cha papai. Mzee mwenye ujuzi huo hukata papai bichi vipande, huvitia dawa na kuvinuizia, kisha kila mmoja hula chake mbele ya wenzake. Asiye na kosa humeza. Mwenye kosa kipande humkwama au mdomo humvimba. Kukataa kwenda ni sawa na kukiri, hivyo sote kumi na mmoja tulisema tutakwenda. Mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto, lakini sikuwa na shaka kwamba papai lingenishika.

Siku mbili kabla, mjomba aliniita pembeni akanituma karafuu dukani. Alikuwa na jino bovu. Shavu lilikuwa limeanza kujaa upande wa ndani, lakini kwa nje halikuonekana, kwa sababu ya ndevu. Aliniomba nisimwambie mnyapara, asije akamwambia apumzike nyumbani akakosa vibarua vya wiki. Nilimletea karafuu. Alizitafuna upande wa pili huku akinung'unika kwamba jino hilo lina kichwa kigumu kuliko mama mkwe wake. Watu wote wengine hawakujua.

Jumapili tulikusanyika kwenye ua wa huyo mzee wa kiraho. Nilikuwa wa saba. Kipande changu kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kichungu na chenye utelezi. Nilikitafuna nikisubiri koo lifunge. Halikufunga. Papai lilipita kama linavyopita tonge la ugali. Naona aibu kuandika hivi, lakini kwa muda mfupi niliamini kwamba kumbe sikuiba. Nilisimama pale nikijisikia msafi kuliko watu wote.

Mjomba alikuwa wa tisa. Alitafuna kidogo kidogo, akabadilisha upande, machozi yakamtoka. Akashika shavu. Kipande kikaanguka chini.

Nyuma yangu mtu alisema "Haya," kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango.

"Mjomba," mnyapara akamwambia, "ni wewe?"

Mjomba alikitazama kile kipande mchangani. Nilitegemea aseme si yeye, aseme habari ya jino. Alisema, "Sijui." Akarudia, "Sijui."

Mimi nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ana jino bovu. Nilihesabu maneno hayo kichwani. Nilijua pia kwamba nikiyasema, mzee wa kiraho angeagiza tule upya, na mara ya pili huenda koo langu lisingenisaidia. Nikatazama miguu yangu.

Mjomba alinunua gambuti nyingine, akampa mnyapara bila kubishana. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kikombe. Kwenye kibanda tulikuwa na kikombe kimoja cha kunywea maji, na tangu Jumatatu kila aliyekunywa baada yake alikisuuza kwanza. Nami nilikisuuza. Mwezi haukwisha, akafunga vitu vyake akarudi kwao Kaloleni kugema mnazi. Binti yake alibaki na biashara yake ya chapati.

Mwaka jana naibu wa chifu alitafuta kijana mmoja kutoka kila kijiji, wa kwenda kusoma masomo ya haki ya jinai Malindi, kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Walitaka mtu anayejua kusoma na kuandika, basi. Wazee wakanitaja mimi. Naibu wa chifu alimwambia mama kwamba wamenichagua kwa sababu sina maneno mengi na sijawahi kutajwa kwa baya lolote. Mama alilia kwa furaha. Ningeweza kukataa. Nilinyamaza tena, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ni adabu.

Tulisomea kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mama mtu wa bara, askari jela mstaafu, aliyesimama wima muda wote kama anahesabu wafungwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mkato. Somo la kwanza aliandika ubaoni kwamba mshukiwa si mkosaji mpaka ithibitishwe, akatuambia tuyanakili maneno hayo mara tano. Akasema alikaa magerezani miaka mingi, na kilichomchosha si wabaya aliowafungia milango, bali wale wachache ambao kila akiwatazama alijua wamewekwa pale na shahidi aliyenyamaza.

Nilikaa dawati moja na mama mmoja wa Mambrui, mtu wa mji wa zamani, mwenye buibui na mwandiko wa kupendeza. Alikuwa akimaliza kunakili mimi niko mstari wa tatu. Aliniazima daftari lake kila wiki na malipo yake yalikuwa kunichokoza. "Mwanangu," aliniambia, "waandika kama sisimizi abebaye sukari. Utafika, lakini jua litakuwa limekuchwa."

Nilimpenda mama yule. Nilipenda hata masomo. Nilijifunza jinsi ya kuandika maelezo ya shahidi: anza na ulichokiona, kisha ulichokisikia, usitie ulichokidhania. Nilijifunza kwamba mtu akikiri kwa hofu, kukiri kwake si kitu. Kila Jumamosi nilirudi Marereni na jambo jipya la kunihukumu.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa maswali. Kila mmoja alitakiwa kuandika ukurasa mmoja juu ya tukio alilolishuhudia, ambapo mtu alihukumiwa bila ushahidi. Wengine waliandika habari za kuku na za mipaka ya mashamba. Mimi nilikaa siku nne na karatasi tupu. Nilijaribu kubuni kisa, sikuweza, sina akili ya kubuni. Mwishowe nikaandika habari ya papai. Niliandika yote: mabwawa, kumi na mmoja sisi, kipande mchangani, kikombe. Niliandika kwamba baadaye ilijulikana mzee yule alikuwa na jino bovu. Kitu kimoja tu sikuandika.

Mwalimu aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa. Sikuwa nimewahi kusikia maneno yangu yakisomwa na mtu mwingine, na yalisikika kuwa ya mtu mwema. Alipomaliza akavua miwani, akauliza, "Na mwizi mwenyewe?"

"Hakujulikana, mwalimu."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote alizosoma mwaka ule. Watu wakapiga makofi. Cheti changu nilikipata kwa karatasi ile. Nilimwibia mjomba mara mbili: kwanza jina lake, kisha kisa chake.

Makofi yalipokwisha, mama wa Mambrui aliinama karibu. Hakuwa akitania.

"Umeandika jino lilijulikana baadaye," akasema. "Baadaye lini, mwanangu?"

Nikafungua daftari langu, ingawa hapakuwa na la kunakili. Aliweka mkono wake juu ya daftari kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Yu hai huyo mzee?"

"Yu hai, mama. Yuko Kaloleni."

"Basi Kaloleni si Ulaya."

Hakuniuliza tena mpaka tulipoagana.

Nilikwenda wiki mbili baada ya kupewa cheti. Niliuliza njia kwa wanywaji wa tembo, wakanielekeza. Nilimkuta mjomba ameshuka mnazini muda si mrefu, ameketi kwenye kigogo akinoa kisu cha kugemea. Alikuwa amekonda lakini uso ulikuwa umetulia. Jino lilikuwa limeng'olewa. Alipotabasamu pengo lilionekana.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kabla hajanitambua. Kisha akasema, "Alaa, mtu wa miguu." Akataka nimwonyeshe nyayo kama zimepona. Binti yake alikuwa amemweleza kwa simu kwamba nimesoma mambo ya sheria. Akaniuliza kama nimekuja kumkamata, akacheka mwenyewe, akaniangulia dafu.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka machache.

"Mjomba, zile buti nilizichukua mimi."

Kisu kilisimama juu ya jiwe. "Nyamaza kidogo," akasema, akaendelea kunoa mpaka akamaliza upande ule, akakijaribu kwa ukucha. Ndipo akaniuliza kama ni zile za mnyapara, nami nikasema ndizo. Akaniuliza kama papai lilinikwama hata kidogo. Nikasema halikunikwama. Nikamwambia nilijua habari ya jino, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza.

Nilisubiri anipige. Kisu kilikuwa mkononi, na nadhani nisingekimbia.

Badala yake alianza kunisimulia, bila kunitazama, habari ya kaka yake. Kaka huyo alifariki zamani, akaacha watoto wadogo na shamba linalopakana na la mjomba. Mpaka ulikuwa safu ya mikonge. Siku moja, kabla ya kuja Marereni, mjomba aling'oa mikonge michache akaipanda hatua kadhaa upande wa pili, na minazi mitatu yenye kuzaa ikawa yake. Watu hawakuona. Watoto hawakujua. Aliigema minazi ile miaka yote kila aliporudi kwao kusalimia. Papai lilipomtoka mdomoni, alisema, hakuziona gambuti machoni mwake. Aliona minazi mitatu. Ndiyo maana alisema hajui. Aliporudi Kaloleni jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita watoto wa kaka yake, ambao sasa ni watu wazima, akaing'oa mikonge mbele yao na kuirudisha mahali pake. Sasa wanakula pamoja. Magoti yakimuuma, mmoja wao humpandia mnazi.

"Papai halikukosea," akasema. "Lilinishika kwa jingine. Sasa wewe waja kuniambia lilikuwa jino."

"Lilikuwa jino, mjomba."

"Mimi sitaki liwe jino."

Nilimwambia nitakwenda kwa mnyapara na kwa kikundi chote, niseme hadharani, nimsafishe. Hapo ndipo alipokasirika. Alisema nikifanya hivyo, watoto wa kaka yake watasema alirudisha mali kwa kutishwa na kipande cha tunda. Na yeye mwenyewe ataanza kuitazama tena ile minazi. "Najijua," akasema. "Usinirudishe kule. Kosa lako kaa nalo, uone linakufundisha nini. Mimi langu limenifundisha." Akanishika mkono, akataka niahidi kutosema Marereni. Niliahidi.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilinywa dafu lake nikaondoka.

Kama mambo yangeishia hapo ningejikaza. Lakini binti yake bado yuko Marereni. Tangu siku ile ya papai, wako vibarua wanaompita kwenye meza yake na kwenda kununua chapati mbali zaidi, wakisema hawali kutoka mkono wa nyumba ya mwizi. Mimi hununua kwake kila siku, na yeye huniona mtu mwema.

Wiki tatu zilizopita aliniita, akanimiminia chai, akaketi mbele yangu. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, ilionekana.

"Ndugu yangu, wewe sasa wajua sheria," akasema. "Baba hakuiba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia, hata soksi zake nazijua, ningeziona hizo buti. Hakuna njia ya kesi kama ile kutazamwa upya?"

Nikasema njia iko, lakini inataka maelezo ya shahidi.

"Shahidi gani? Wote walikula papai, wote wakarudi makwao."

Chai ilikuwa ya moto, nikainywa hivyo hivyo. Nikamwambia anipe mwezi mmoja. Alinishukuru. Alikataa malipo ya chai. Alisema kijiji kilifanya vizuri kunichagua mimi.

Haya mnayoyasoma ndiyo maelezo yenyewe. Nimeyaandika mara mbili. Nakala ya pili ni yake, na Jumapili hii nitaiweka mezani kwake, niketi palepale mpaka amalize kuisoma. Humo sikutia habari ya minazi; hiyo ni ya baba yake kuisema akipenda. Ninyi nimewaambia kwa kuwa hamumjui. Cheti nitakirudisha kwa mwalimu, na nitamweleza jibu lililostahili siku ile aliponiuliza.

Kwa kufanya hivi navunja ahadi niliyompa mzee niliyekwisha kumharibia jina. Huenda nikamharibia na amani aliyoipata kwa shida. Nikishika ahadi, binti yake ataendelea kubeba kosa langu na kunishukuru. Nimepima huku na huku, na naona kila upande nina deni kwa mtu asiyestahili kunidai. Tena naogopa kwamba nachagua kusema kwa sababu nimechoka kubeba, wala si kwa ajili yake.

Mlio na umri na mliopitia mambo, niandikieni. Niambieni kama nimemtendea haki binti au nimemkosea baba mara ya tatu. Hata kama ni lawama tupu, ziandikeni. Nitazisoma zote, na nitamjibu kila mmoja.